Nani Alifuta "Kikao"?

Kuna sentensi moja niliyoichapisha gazetini ambayo hadi leo sijui ni ya nani. Inasema: "Walikuja, tukakaa nao, hatukuwakatalia." Mzee aliyeitamka anasema yeye alisema: "Walikuja, tukakaa nao, hatukuwakatalia kikao." Tofauti ni neno moja. Neno hilo likiwepo, wazee waliwapokea wageni, wakawapa nafasi ya kusema, basi. Likiondoka, wazee walikubali walichoombwa.

Na kilichoombwa kilikuwa ardhi. Wenzao wa kitongoji cha pili walitaka kulima kipande cha alalili, yale malisho ambayo Wamasai huyatenga kwa ajili ya ndama na kwa ajili ya kiangazi. Hapa Soitsambu, ukigusa alalili umegusa maziwa ya watoto wa watu. Wazee walisikiliza, wakasema watafikiri, wakaondoka. Mimi nikaja mwaka uliofuata na simu yangu ya kurekodia, nikaandika makala nzuri tu kuhusu namna wafugaji wanavyoamua mambo yao bila hakimu, ikatoka wikiendi, nikasifiwa. Miezi kumi na minne baadaye mtu akasimama kwenye baraza na ukurasa ule wa gazeti umekunjwa mara nne, akausoma: hatukuwakatalia. Si mmesema wenyewe?

Mjukuu wake mzee akanipigia. Sauti yake haikuwa ya ugomvi, ilikuwa ya mtu aliyeaibika kwa niaba yangu. Nikamwambia asubiri, nitazame rasimu, jambo la dakika tano.

Halikuwa jambo la dakika tano. Sauti niliifuta mwenyewe kwenye simu, kwa sababu simu ilijaa na nilikuwa na mkutano wa kurekodi kesho yake. Hilo ni kosa langu na silipeleki kwa mtu mwingine. Lakini nilikuwa na uhakika kwamba maandishi ya mwanzo, yale niliyoyachapa neno kwa neno usiku wa siku ile, yapo kwenye akaunti ya ofisi. Ofisi ilikuwa ikijigamba kwamba kila faili linahifadhiwa nakala, na kila nakala ina matoleo yake ya nyuma. Nikafungua historia ya matoleo. Nikakuta toleo moja, la mwisho. Mtu wa IT akanijibu kwa upole kabisa: "Kaka, tunatunza matoleo siku thelathini. Baada ya hapo mfumo unafuta wenyewe." Nikamuuliza nani aliamua thelathini. Akasema ndivyo alivyoukuta.

Sasa jamani, hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Ndivyo alivyoukuta.

Nimekuwa nikilipigia kelele jambo hili kwenye mazungumzo yetu ya vitabu na wenzangu wananiona nimechoka. Mmoja, mwandishi ninayempenda, alisema rasimu ni nguo za ndani, hazianikwi barabarani. Watu wakacheka, nami nikacheka. Usiku nikapata jibu, kama kawaida majibu huja usiku: sawa, hazianikwi barabarani, lakini hufuliwa na kukunjwa zikawekwa kabatini. Hakuna anayezichoma moto kila mwisho wa mwezi kwa sababu kabati lilikuja na maelekezo hayo kutoka kiwandani.

Ninachodai ni hiki. Kupanga toleo lipi la faili libaki na lipi lifutwe, na kwa muda gani, ni kazi ya uhariri. Ni kazi ileile ya kuamua sentensi ibaki au iondoke, tofauti ni kwamba hii inafanywa gizani na mtu ambaye hajasoma sentensi yenyewe. Sisi waandishi tunapigana kufa na kupona juu ya mkato na nukta, halafu uamuzi huu mkubwa tunamwachia kijana wa kompyuta, na yeye anamwachia aliyetengeneza programu, ambaye hajawahi kusikia neno alalili maisha yake yote.

Kwa msomaji ambaye mambo haya hayamhusu kikazi, nieleze kidogo. Kuna kuhifadhi nakala na kuna kuhifadhi matoleo, na watu wengi wanachanganya. Ukiwa na faili kwenye laptopu na nakala yake kwenye wingu, na viwili hivyo vinafuatana, basi ukifuta neno huku linafutika na kule. Una nakala mbili za kosa lilelile. Hicho ni kioo tu. Toleo ni kitu kingine: ni faili lilivyokuwa jana, juzi, wiki iliyopita kabla hujaingiza mkono. Na kwa kuwa matoleo huongezeka kila unapobonyeza kusevu, lazima kuwe na kanuni ya kupunguza. Mimi sikatai kanuni. Ninachouliza ni nani anaiweka, na anahesabu kwa kipimo gani.

Kipimo cha kawaida ni kalenda. Siku thelathini, siku tisini, au idadi, toleo la mia moja likiingia la kwanza linatoka. Walio makini zaidi wana utaratibu wanaouita babu, baba na mwana: nakala za kila siku ni wana, ya kila wiki inapandishwa kuwa baba, ya kila mwezi inakuwa babu na ndiyo inayokaa miaka. Kompyuta za Apple zina mpango unaofanana na huo ndani yake, kila saa kwa siku moja iliyopita, kila siku kwa mwezi uliopita, kisha kila wiki mpaka diski ijae, ikijaa vya zamani kabisa ndivyo vinavyoondoka.

Nilipomweleza mjukuu wa mzee mpango huu wa babu na baba, ulimpendeza sana, akasema hata Wazungu wana marika. Nikamwambia ngoja kwanza, tazama huyo babu ni nani. Kwa kawaida babu ni nakala ya mwisho wa mwezi. Kama nimeandika maneno ya mzee tarehe 4, mhariri akayapunguza tarehe 6, gazeti likatoka tarehe 9, basi "babu" anayebaki ni yule wa tarehe 31, ambaye hakuwepo kwenye kikao, hakusikia chochote, alizaliwa wakati mambo yamekwisha. Yule aliyesikia kwa masikio yake tarehe 4 alikuwa mwana tu, akaondolewa. Akasema, "Hapo mmekosea, babu ni yule aliyekuwepo." Sijasoma maelezo ya kitaalamu yanayouweka ukasoro huo vizuri kuliko hivyo.

Kalenda inapima umri wa faili. Haipimi umri wa jambo lililomo ndani yake, na huku kwetu jambo linaweza kuishi kuliko kompyuta tatu au nne zikifuatana.

Chukua Soitsambu hiihii. Watanzania wengi wakisikia Loliondo wanakumbuka kikombe cha Babu kule Samunge mwaka 2011, magari yamepanga foleni mpaka porini. Nami nilikuwa mmoja wa waliokimbilia kuandika kikombe. Lakini karibu tu na hapa nilipokaa, kuna jambo lililokuwa likitembea mahakamani bila foleni ya magari. Mwaka 1984, Sukenya na Mondorosi zikiwa bado ndani ya kijiji cha Soitsambu, Kampuni ya Bia Tanzania ilipewa ekari 10,000 kwa ajili ya kulima shayiri. Ilitumia sehemu ndogo, ikaacha kabla ya miaka ya tisini. Miaka ilipita, watu wakachunga. Hati ya kumiliki ilipotoka miaka ya 2000, ilikuwa na ekari 12,617. Mwaka 2006 haki hiyo ikauzwa kwa kampuni ya utalii, na vijiji vikaenda mahakamani.

Tazama namba hizo tena. 10,000 na 12,617. Ekari 2,617 zilizaliwa kati ya toleo moja la karatasi na toleo lililofuata. Ng'ombe hawakuziona zikizaliwa, wachungaji hawakuziona, zilizaliwa kwenye faili. Oktoba 2015 Mahakama Kuu pale Arusha ilisema hizo 2,617 hazikupatikana kihalali, ingawa madai mengine makubwa ya vijiji yalikataliwa. Mimi si mwanasheria na sitaki kurudia kesi hiyo hapa. Ninachoona kama mtu wa maandishi ni kwamba tofauti hiyo isingeweza kusemwa kabisa kama kumbukumbu ya 1984 isingekuwepo ya kuwekwa kando ya hati iliyokuja baadaye. Miaka thelathini na moja kati ya karatasi ya kwanza na hukumu. Hata kutafuta nyaraka kulifika mbali: mwaka 2014 wanavijiji walikwenda kwenye mahakama ya Massachusetts, Marekani, kuomba kampuni iwape karatasi zake. Kutoka Soitsambu hadi Boston kutafuta toleo la nyuma la jambo. Halafu mtu ananiambia siku thelathini.

Kesi nyingine mnaijua, ile ya vijiji vinne vya jirani, Ololosokwan, Kirtalo, Oloirien na Arash, iliyopelekwa Mahakama ya Afrika Mashariki mwaka 2017 baada ya maboma kuchomwa. Septemba 2022 ilitupwa. Novemba 2023 kitengo cha rufaa kikaitengua hukumu hiyo. Sehemu kubwa ya mvutano ilikuwa swali ambalo mtoto wa darasa la tano analielewa: maboma yale yalikuwa upande gani wa mpaka? Ndani ya hifadhi ya Serengeti au kwenye ardhi ya kijiji? Swali la mahali na tarehe. Sasa fikiria picha zilizopigwa Agosti 2017 na simu za vijana. Picha ikitoka kwenye kamera ya simu huwa imebeba saa, na kama mtu ameruhusu, hata mahali ilipopigwa. Ikirushwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa, na taarifa hizo zinavuliwa njiani. Inayobaki kwenye makundi ni toleo la pili, zuri kwa kulia nalo, dhaifu kwa kuthibitisha nalo. Toleo la kwanza lilikuwa kwenye simu iliyojaa, likafutwa ili nafasi ipatikane. Najua, kwa sababu mimi nilifanya vilevile na mzee wangu.

Na sheria yetu inaligusa hili. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inapoeleza namna ya kupima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, inatazama namna ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa, na uzima wake ulivyolindwa. Yaani haitoshi kuwa na faili, uonyeshe na safari yake. Mwandishi mwenye toleo la mwisho tu ni kama abiria aliyefika Arusha bila tiketi. Kweli amefika, lakini alipandia wapi?

Najua baadhi yenu mnasema huyu sasa ametoka kwenye fasihi kaingia kwenye migogoro ya ardhi. Hapana. Niambieni, tunaposoma Al-Inkishafi, tunasoma nini? Tunasoma kazi iliyotufikia kwa miswada inayotofautiana, beti zimezidi hapa zimepungua pale, mpangilio huu si ule. Hakuna aliyeketi akafuta miswada iliyotofautiana ili ibaki "ya mwisho", na ndiyo maana wataalamu bado wanaweza kubishana kwa hoja, na kubishana huko ndiko kunakoliweka shairi hai. Muyaka tunaye kwa kiasi kikubwa kwa sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa alikaa akanakili beti zake, akimpa Taylor, mwishoni mwa karne ya 19, na diwani ikaja kuchapwa 1940, miaka mia moja hivi baada ya mshairi kufariki. Sikujua angetunza kwa siku thelathini tungekuwa na jina la Muyaka na sifa zake tu, kama watu wanavyosifia pilau la harusi ambayo hawakualikwa.

Upande wa pili wa shilingi uko jela. Abdilatif Abdalla aliandika mashairi ya Sauti ya Dhiki kwenye karatasi za chooni, kati ya 1969 na 1972. Ngũgĩ naye, Kamiti, 1978, karatasi za chooni hizohizo, na riwaya yake ikanyang'anywa kwenye upekuzi kabla ya kurudishwa. Toleo moja, nakala moja, kwenye karatasi iliyotengenezwa ili itupwe. Tunawasimulia kwa fahari, na ni haki. Ila nashangaa namna tunavyowasifu waliolinda toleo lao la pekee kwa hatari ya mgongo wao, wakati sisi wenye mashine zinazoweza kutunza matoleo elfu hatujawahi hata kufungua ukurasa wa mipangilio tukaona imeandikwa siku ngapi.

Hoja ya nafasi ndiyo inayonichekesha. "Matoleo yanajaza diski." Makala kama hii ni kilobaiti thelathini hivi. Matoleo mia ya makala hii ni megabaiti tatu, sawa na picha moja ya sahani ya chipsi mayai. Sauti ndiyo nzito, nakubali: saa moja ya rekodi iliyobanwa vizuri ni megabaiti hamsini hadi sitini, na ile isiyobanwa inafika mia sita. Na kutoka huku kuzirusha kwenye wingu ni kazi, mtandao unakuja na kuondoka, bando linakwisha kabla ya faili. Lakini eksteno ya terabaiti moja inabeba saa elfu kumi na zaidi za sauti iliyobanwa. Ofisi iliyofuta rasimu yangu kwa ajili ya nafasi ilikuwa na video nzima ya sherehe ya mwisho wa mwaka, saa nne, na keki.

Haya. Nikasema niwe mkali kwa upande mmoja tu nitakuwa nadanganya. Kuna watu wakisikia haya wanaruka upande wa pili: tunza kila kitu, milele. Nilikuwa huko miezi kadhaa, kwa hasira. Nikaweka kila mpangilio uwe "usifute kamwe". Kilichoniponya ni mama mmoja.

Alinieleza jambo la familia yake na la askari, kwa masharti kwamba jina lisionekane. Nikaandika "mama mmoja". Kwenye toleo la mwisho, ndiyo. Lakini rasimu ya kwanza niliandika jina lake kamili, jina la boma, jina la mtoto wake, kwa sababu nilikuwa nachapa haraka. Wiki mbili baadaye nikamshirikisha mwenzangu wa Dar faili hilo ili alisahihishe Kiswahili, nikampa ruhusa ya kuhariri. Akanipigia usiku: "Bro, nimefungua historia ya matoleo kuona ulichobadilisha. Huyu mama jina lake lote liko humu." Nilikaa kitandani, mikono imekuwa baridi. Jina nililoahidi kulificha nilikuwa nimelificha kwenye ukurasa tu. Nyuma yake lilikuwa limesimama, likisubiri yeyote mwenye ruhusa abonyeze mara mbili.

Kwa hiyo "tunza kila kitu" nayo ni ndiyo-nilivyokuta, ila ya waoga. Inakuondolea kazi ya kuamua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ina msingi unaosema taarifa za mtu zisitunzwe kupita muda unaohitajika kwa lengo lake. Mimi hata bila sheria ningesema hivyo. Mama yule hakunipa jina lake likae kwenye eksteno yangu mpaka nife, na mtoto wangu aje alikute.

Sasa nina kanuni zangu, na naziandika hapa mzipinge. Sihesabu siku, nahesabu matukio. Kila kazi inayobeba maneno ya mtu ina matoleo manne ambayo hayaguswi na mfumo wowote: nilichosikia kabla sijarekebisha hata herufi, nilichomtumia mhariri, alichonirudishia, na kilichochapwa. Kila moja nalitoa kwenye historia ya programu, kwa sababu historia ya programu si yangu, nalisevu kama faili lake lenyewe, lenye tarehe kwenye jina. Yale matoleo mengine ya katikati, ya saa nane usiku nikihamisha aya juu na chini, yafutwe baada ya siku tisini, siyalilii. Hayo ndiyo nguo za ndani za kweli.

Manne hayo yanakaa mpaka lini? Mpaka jambo lenyewe liishe, na nikiwa sijui kama limeisha nawauliza wenye jambo. Kwa ardhi, nimeanzia miaka thelathini, kwa sababu Sukenya imenifundisha, na kwa sababu hata Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002 imezoea kuhesabu thelathini kabla ya kufungulia umma makabrasha ya serikali. Thelathini kwa thelathini, basi angalau iwe miaka.

Majina ya watu niliowaahidi kuwaficha hayaingii kabisa kwenye faili lenye historia. Nayaandika kwanza kwenye daftari, na kwenye kompyuta mtu anaanza na kuishia kuwa "M1". Sauti yake naifunga kwa nywila, nakala moja, na tunakubaliana naye siku ya kuifuta, kwa mdomo, mbele ya mtu anayemwamini. Siku hiyo ikifika nafuta pote, na nampigia kumwambia. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, aliyepokea simu alidhani nataka kumkopa hela.

Mhariri niliyegombana naye anasema nimezidisha, kwamba kazi ya gazeti ni kuwahi, na kwamba hata yeye hakumbuki kama aliliondoa "kikao". Namwamini. Ni neno ambalo mhariri yeyote mzuri angeliondoa. "Tukakaa nao, hatukuwakatalia kikao": mizizi miwili ya kukaa ndani ya sentensi moja fupi, sikio linalalamika. Huenda hata nililiondoa mimi kabla ya kutuma. Huenda kijana aliyetafsiri hakulisema kabisa, alikuwa anakimbiza maneno ya mzee kutoka Kimaa na mzee hapumziki. Yuko chuo sasa, nimemuuliza, hakumbuki. Wakati mwingine nalala nikiwa na uhakika kwamba nililisikia neno lile, naamka nikiwa na uhakika kwamba nimelitunga ili nimpendeze mzee. Gazeti halichapi masahihisho kwa uhakika wa namna hiyo, na kusema kweli mimi nisingelichapa.

Niliporudi Soitsambu nilikwenda bomani kwake. Shikamoo mzee, marahaba, nikakaa. Nilitegemea anifukuze. Alimwambia mjukuu alete chai, halafu akauliza swali ambalo mjukuu alilitafsiri mara mbili kwa sababu hakuamini kama ndilo: ile mashine yako, ilipokuwa inafuta, ilikuuliza?

Nikasema hapana.

Akasema kitu kwa Kimaa, kirefu, mjukuu akakitafsiri kwa ufupi mno: "Anasema mbwa wake hubweka kwanza."

Baraza bado halijaamua. Ukurasa wa gazeti bado uko mfukoni kwa yule bwana, umekunjwa mara nne. Nimeandika barua kwa niaba ya mzee kueleza nilichoeleza hapa, na mwenyekiti ameipokea, ingawa alisema wazi kwamba barua yangu ni maneno na gazeti ni maandishi. Nimemwandikia pia mtu wa IT, yule wa "ndivyo nilivyokuta", nikaomba kwa makala zote zenye mahojiano matoleo yasifutwe kwa kalenda. Amenijibu vizuri, kwamba ombi litajadiliwa kwenye bajeti ya mwaka ujao, na kwamba hadi hapo mfumo utaendelea kama ulivyo. Nimehesabu. Rasimu ya kwanza ya mahojiano niliyoyapeleka mwezi uliopita, ya wanawake watatu wa hapa kuhusu maji, nimeshaitoa mwenyewe. Ya mwenzangu aliyekwenda Sale wiki hiyohiyo, ambaye hapokei simu tangu jana, inafutwa Alhamisi.